Kumbukizi ya pamoja ya wapiganaji wa Vita vya Kagera: mwongozo kwa waandaaji wa Tanzania na Uganda

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuwakalisha pamoja wazee waliopigana vita vya 1978–1979, wa Tanzania na wa Uganda, wawakumbuke waliokufa bila kufufua ugomvi. Unaweza kuwa kiongozi wa chama cha wastaafu, padri, imamu, mwalimu wa historia au mtoto wa askari. Kazi yenyewe inachukua miezi sita hivi, na haifai kuahirishwa: aliyekuwa na miaka 20 vita vilipoanza sasa anakaribia 70, na wenzake wengi wameshatangulia.

Waandaaji wengi huanzia mwisho. Hukodi ukumbi, huita wanahabari, huwasimamisha wazee wawili wapeane mikono, kisha kila mtu anarudi kwao na kinyongo chake. Utaratibu unaofaa ni kinyume: kila upande ukae peke yake, majina yakusanywe, machungu ya raia yatangulie, ndipo wapiganaji wakutane. Mkono ukija, uje wenyewe. Msiupange kwenye ratiba.

1. Andikeni ukurasa mmoja wa yaliyotokea

Kabla ya kumwalika mzee yeyote, waandaaji wa pande zote mbili wakubaliane juu ya ukurasa mmoja wa matukio. Tarehe za msingi hazina ubishi mkubwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin liliingia Kagera na kuteka eneo lililo kaskazini ya mto, takriban kilomita za mraba 1,800. Mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka lililipuliwa, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza vita. Januari 1979 JWTZ, yaani jeshi la Tanzania, iliteka Mutukula, Februari Masaka na Mbarara, na Machi yakatokea mapigano makali ya Lukaya, ambako askari wa Libya walipigana upande wa Amin. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, na vita vikamalizika tarehe 3 Juni kaskazini mwa Uganda.

Ugumu uko kwenye yale ambayo kila upande ungependa yasiandikwe. Ukurasa wenu lazima useme kwamba majeshi ya Amin yaliua raia wa Kagera, yakateka watu, yakaswaga ng'ombe na kupora kiwanda cha sukari. Useme vilevile kwamba baada ya kuteka Mutukula, askari wa Tanzania waliubomoa mji huo na kuua raia, mpaka Nyerere akatoa amri raia na mali zao wasiguswe, na kwamba majengo mengi ya Masaka na Mbarara yalibomolewa kwa kulipiza kisasi. Mkiacha mojawapo, mzee aliyeshuhudia ataitaja katikati ya mkutano, na atakayejibu atajibu kwa hasira.

Wapo watakaosema mambo hayo yanaharibu maridhiano. Someni habari za Gettysburg, Marekani. Mwaka 1913 zaidi ya wapiganaji wazee 50,000 wa Kaskazini na Kusini walikusanyika huko kuadhimisha miaka 50 ya mapigano, na maadui wa zamani wakashikana mikono juu ya ukuta wa mawe. Picha zilikuwa nzuri sana. Lakini utumwa, uliokuwa kiini cha vita ile, haukupewa nafasi, na watu weusi waliachwa pembeni. Askari walipatana kwa gharama ya walioumizwa. Hapa kwetu walioumizwa zaidi ni wanakijiji wa Missenyi na watu wa Mutukula na Masaka, na wengi wao hawakushika bunduki.

2. Hesabuni pande vizuri

Pande si mbili tu. Upande wa Tanzania kulikuwa na JWTZ na maelfu ya mgambo, na baadaye kikosi kutoka Msumbiji. Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana pamoja na Tanzania katika Kikosi Maalum na FRONASA. Waliobaki ni askari wa jeshi la Amin, ambao wengi walitoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ingawa si wote.

Kosa linalojirudia ni kuwaita wazee wa Kikosi Maalum na kusema "Uganda imewakilishwa". Hao walikuwa washirika wa JWTZ, hivyo mkutano huo ni wa marafiki. Waalikeni, lakini kama kundi la tatu, na nafasi za waliokuwa askari wa Amin zisiguswe.

Jueni pia kwamba kwa mtu wa West Nile vita havikuisha Juni 1979. Mwaka 1980 na 1981 jeshi jipya la Uganda liliua raia kule, mauaji ya misheni ya Ombaci ya Juni 1981 yakiwamo, na watu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Mzee wa Arua au Koboko akiulizwa habari za vita ataanzia hapo. Msimkatize kwa kumwambia yuko nje ya mada. Mtengeeni muda wake wa kulisema hilo katika vikao vya awali.

3. Kamati na washiriki

Kamati iwe na watu sita, watatu kila upande. Humo awemo mjane au mtu aliyefiwa, na muuguzi au mganga aliyezoea wazee. Mwenyekiti asiwe ofisa mstaafu. Cheo hakistaafu kirahisi: kanali akikaa mbele, koplo hasemi kitu.

Wapiganaji wa mkutano wa kwanza wasizidi 16. Saba kutoka JWTZ na mgambo, saba kutoka jeshi la zamani la Uganda na wawili wa Kikosi Maalum wanatosha. Wakizidi hapo mazungumzo yanageuka hotuba. Chukueni askari wa kawaida wengi kuliko maofisa, na madereva, wapishi na wauguzi wa vita wasisahaulike, kwa sababu mara nyingi hao ndio waliozika. Asiitwe kwanza aliyefiwa hivi karibuni, wala anayekunywa pombe kupita kiasi.

Suala la fedha lielezwe siku ya kwanza, kwa mdomo na kwa maandishi. Wapiganaji wengi wa pande zote wana madai ya mafao, na wakisikia "mkutano wa waliopigana vita vya Amin" wanaamini orodha ya malipo inatengenezwa. Uvumi huo ukishika, mtapata watu 200 mlangoni na majina ya uongo kwenye daftari. Semeni wazi: hakuna fidia, hakuna kuandikisha mafao, kuna nauli, chakula, malazi na posho moja iliyo sawa kwa wote. Ilipwe kwa thamani ileile, kila mtu kwa fedha ya nchi yake, na hesabu ibandikwe ukutani. Shilingi ya Tanzania na ya Uganda hazilingani, na mzee atakayelinganisha noti bila kujua kiwango cha kubadilishia atadhani amepunjwa.

Semeni pia kwamba mkutano si mahakama na hautoi msamaha wa kisheria. Sheria ya Msamaha ya Uganda ya mwaka 2000 inahusu waliopigana na serikali kuanzia 26 Januari 1986, kwa hiyo haiwagusi wa 1979. Asilazimishwe mtu kukiri kosa, na swali "uliua wangapi?" lipigwe marufuku kabisa.

4. Vikao vya kila upande peke yake

Fanyeni vikao vitatu kila upande, wiki tatu tatu kati yao, kila kimoja kisizidi saa mbili. Kaeni kwenye mduara, mahali penye kivuli na choo cha karibu. Maswali ni matatu tu:

- Unamkumbuka nani aliyekufa?
- Alifia wapi, na alizikwa wapi kama unajua?
- Ni neno gani au jambo gani usingependa kulisikia tukikutana na wenzetu?

Swali la tatu ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Majibu yake yanawaambia mambo ambayo hamngeyajua: kwamba kuna wimbo wa vita usioimbwa mbele ya mtu wa Arua, au kwamba mjane wa Kyaka hataki kuona sare ya aina yoyote. Yaandikeni, yapelekeni upande wa pili bila majina, kisha yajadilini. Neno "nduli", tusi alilobandikwa Amin ambalo Watanzania wengi wanalitamka bila kufikiri, litajitokeza humo. Kwenye mabango andikeni tu "Vita vya 1978–1979".

Lugha haitakuwa kikwazo kikubwa. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi pande zote mbili, na wazee wengi wa Uganda waliokuwa jeshini bado wanakisema vizuri. Wakalimani wa Kiganda, Kihaya na Kilugbara watahitajika kwa ajili ya wajane na raia. Wote waitwe "Mzee" na "Mama". "Afande" inarudisha vyeo mezani.

5. Daftari la majina

Hapa ndipo kumbukizi inasimama au inaanguka, hivyo tumieni muda mwingi kuliko mnaofikiri unahitajika.

Tengenezeni kadi moja kwa kila marehemu, nusu ya karatasi ya A4. Iwe na majina yote matatu, jina la kijeshi au la utani, kijiji alikotoka, raia au askari na kikosi chake, mahali alipofia, mwezi kama unajulikana, mahali alipozikwa, na majina ya watu wawili waliothibitisha. Mashahidi wawili ni lazima. Baada ya miaka mingi hivi, mtu mmoja huweza kusema kwa moyo safi kwamba fulani alifia Lukaya, kumbe alifia hospitalini baada ya ajali ya gari. Kwa JWTZ hilo ni la kawaida, maana waliokufa kwa ajali na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Wote waandikwe bila kutofautisha kifo cha "kishujaa" na kingine.

Palipo na pengo, andikeni "haijulikani". Msijaze kwa kukisia. Majina yanayofanana yatenganishwe kwa kijiji na jina la baba. Jina la Kilugbara au la Kihaya lisomwe na mtu wa lugha hiyo, kisha liandikwe jinsi familia inavyoliandika. Jina likikosewa mbele ya mtoto wa marehemu, kazi yote ya nyuma haina maana kwake.

Kisha kuna tatizo la uwiano. Watanzania watafika na majina mengi, kwa kuwa askari wao wana makaburi yanayotunzwa Kaboya, wilayani Muleba. Upande wa pili utafika na majina machache, na familia nyingi hazina kaburi la kwenda. Msipunguze orodha moja ili zilingane. Badala yake, baada ya kila majina 20 someni: "Na wale ambao majina yao hayajapatikana." Pande zote zinafarijika na kituo hicho.

Mpangilio wa kusoma uwe huu: raia wa pande zote kwanza, wanaofuata ni askari na mgambo kwa alfabeti moja iliyochanganywa, bila kutaja cheo. Chapisheni kwa herufi za ukubwa wa pointi 18, mistari yenye nafasi, majina 15 kwa ukurasa, ili mzee asome bila kubabaika. Jina moja huchukua sekunde tano hadi sita, kwa hiyo majina 100 ni dakika kumi. Yakizidi 300, gawanyeni kwa siku mbili, kwa sababu wasikilizaji huchoka na majina ya mwisho yanaporomoshwa. Wasomaji wawe wawili, mmoja kila upande, na kila mmoja asome majina ya upande wa mwenzake. Wafanye mazoezi kwa sauti angalau mara mbili.

6. Mahali, tarehe na vibali

Mkutano wa kwanza ufanyike Mutukula. Mji uko mpakani, kila upande unao, na kituo cha pamoja cha forodha kinarahisisha kuvuka. Kaboya iwe safari ya pili, miezi kadhaa baadaye. Mkianzia Kaboya, wageni kutoka Uganda watakuwa wageni kwenye msiba wa watu wengine, na hawatakuwa na pa kumwekea ua mtu wao.

Tarehe 11 Aprili haifai, kwa sababu ni siku ya ushindi wa upande mmoja. Tarehe 3 Juni ina mvuto kwa kuwa ndiyo vita vilipomalizika, lakini ni Siku ya Mashahidi wa Uganda, na mahujaji wa Namugongo, wakiwamo wa kutoka Tanzania, hujaza magari na nyumba za wageni. Tarehe 25 Julai Tanzania ina Siku ya Mashujaa na viongozi wana shughuli zao. Katikati ya Juni au mwanzo wa Agosti panafaa: mvua za masika zimekwisha na barabara za vijijini zinapitika. Epukeni Ijumaa na Jumapili.

Anzeni kutafuta vibali miezi mitatu kabla. Upande wa Tanzania, barua iende kwa Mkuu wa Wilaya ya Missenyi, nakala kwa Mkoa. Kaboya inahitaji idhini ya JWTZ. Upande wa Uganda, nendeni kwa RDC (mkuu wa wilaya anayemwakilisha Rais) wa Kyotera na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa eneo la mkutano, na kwa RDC wa kila wilaya wazee watakakotoka. Kichwa cha barua kiseme "kumbukizi ya marehemu", na kiambatanisheni na orodha ya washiriki na ratiba. Barua inayosema "mkutano wa wapiganaji wa zamani" inaweza kukaa mezani kwa afisa wa usalama mpaka tarehe ipite.

Hati za kusafiria na kadi za chanjo ya homa ya manjano zikaguliwe wiki sita kabla. Wazee wengi wana kitambulisho cha taifa tu, na huenda kisitoshe kuvuka, hivyo ulizeni uhamiaji wa nchi zote mbili mapema. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na kutoka hapo hadi Mutukula kuna zaidi ya 200, kwa hiyo mzee asafiri siku mbili, alale Kampala au Masaka, na gari lisimame kila saa mbili. Shinikizo la damu, kisukari na tezi dume havivumilii safari ya usiku kucha.

Sare za jeshi zisivaliwe, kwani nchi zote mbili zinakataza raia kuzivaa. Medali zibaki nyumbani mara ya kwanza, kwa kuwa upande mmoja hauna. Shada la maua na udongo vitumike badala ya mkuki na ngao vinavyowekwa Siku ya Mashujaa.

7. Siku mbili za mkutano

Siku ya kwanza, upande wa Uganda, hakuna wanahabari. Asubuhi raia wanazungumza: wanne, wawili kila upande, dakika 15 kila mmoja. Wapiganaji wanasikiliza tu, hawajibu wala hawajitetei. Baada ya chai, wapiganaji wakae wawili wawili, mmoja kila upande, na wasipangwe kwa cheo bali kwa kazi: dereva na dereva, mpishi na mpishi, wa mizinga na wa mizinga. Watu wa kazi moja hupata la kusema haraka. Dakika 40 zinatosha, kisha mapumziko marefu.

Chakula kiwe kimoja kwa wote, na nyama ichinjwe na Mwislamu. Ndizi, samaki na wali havitamtenga mtu. Nguruwe na pombe visiwepo.

Muuguzi akae mahali anapoona nyuso zote. Dalili za mtu aliyerudi vitani akilini ni kutokwa na jasho ghafla, kukodoa macho sehemu moja, mikono kutetemeka, kutojibu anapoitwa. Asiguswe kutoka nyuma. Msogelee kwa mbele, mwite kwa jina, mwambie yuko Mutukula, taja siku ya leo, mpe maji, mtoe nje taratibu na mtu wa upande wake. Mizinga ya heshima, fataki na baruti ni marufuku. Jenereta iwe mbali, na kipaza sauti kijaribiwe mapema ili kisipige kelele ya ghafla.

Siku ya pili, upande wa Tanzania, ndiyo ya majina. Kadi zilazwe kwenye meza ndefu. Mkitaka kutandika lubugo, kitambaa cha gome la mti ambacho Waganda na Wahaya walikitumia kuzikia, waulizeni kwanza watu wa West Nile, maana si desturi yao. Kila mtu akae kwenye kiti wakati wa kusoma. Kuwasimamisha wazee juani nusu saa ni kuwaangusha. Dua na sala zifuate, Waislamu na Wakristo kwa zamu, kila dini dakika tano. Viongozi wa serikali wapewe dakika tano baada ya majina, si kabla.

Kila mmoja akipenda aweke kiganja cha udongo kwenye shimo la mti, udongo alioutoa kwao au pale alipopigana. Waambieni wasichimbue ardhi ovyo kuutafuta, na wakiona chuma kinachofanana na bomu wasikiguse, wawaite polisi.

8. Jiwe la kumbukumbu

Lijengwe baada ya mikutano miwili, si kabla, na pande zote zisaini maandishi yake. Haya yanafaa kuanzia: "Kwa kumbukumbu ya wote waliokufa katika vita vya 1978–1979 kati ya Tanzania na Uganda: raia wa nchi zote mbili, askari na mgambo, na wale ambao majina yao hayajapatikana." Neno "mashujaa" liacheni, kwani litaleta mjadala wa nani alikuwa shujaa na raia atasahaulika tena.

Msitumie shaba wala chuma, kwani vitaibwa viuzwe kama vyuma chakavu. Tumieni jiwe au bamba la zege la unene wa sentimita 10 lenye nondo ndani, mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Lifunikwe na kumwagiwa maji siku saba, lisibebwe kabla ya siku 28. Herufi za kuchonga ziwe na kimo cha sentimita 2.5 au zaidi ili zisomeke kutoka mita mbili. Fundi asianze kabla watu watatu tofauti hawajahakiki kila herufi kwenye karatasi.

9. Baada ya hapo

Kila upande uchague mtu mmoja wa mawasiliano, kijana mwenye simu inayopatikana muda wote. Mshiriki akifa, upande wa pili uarifiwe siku hiyohiyo, na utume mjumbe mazishini au kwenye matanga pamoja na rambirambi. Tengeni fungu la safari hizo tangu mwanzo, walau nauli za watu wanne kwa mwaka. Familia inayomwona mzee wa upande wa pili amefunga safari kuja kuzika hukumbuka hilo kuliko hotuba yoyote.

Picha na sauti zisipelekwe mitandaoni bila saini ya mhusika. Anayerekodi ushuhuda amweleze mzee utahifadhiwa wapi na nani atausikiliza, na amruhusu kufuta sehemu yoyote.

Daftari liwe na nakala tatu: moja kila upande, na ya tatu kwenye maktaba au ofisi ya dini inayokubaliwa na wote. Majina mapya yapokelewe mpaka mwezi mmoja kabla ya kila mkutano, kwa kadi ileile na mashahidi wawili. Marekebisho yaandikwe pembeni kwa wino mwekundu, yenye tarehe na jina la aliyerekebisha, na maandishi ya awali yasifutwe.